Honi ya Pujini: uzoefu wangu wa gari la kukodi na dereva kisiwani Pemba

Safari yenyewe imeshapita miezi kadhaa, lakini hasira bado haijanitoka, na ndiyo inayoniandikisha haya. Nilikodi gari na dereva kwa siku mbili ili mama yangu aizunguke Pemba, kisiwa alichozaliwa na kukihama akiwa msichana mdogo. Tuliona msitu, tuliona popo, nikapanda mnara wa taa. Na bado kinachonirudia kila nikiikumbuka safari ile ni sauti ya honi.

Makubaliano yalikuwa wazi. Kwa simu niliwatajia wenye gari vituo vinne: magofu ya Pujini, popo wa Kidike, msitu wa Ngezi na mnara wa Ras Kigomasha. Walikubali vyote, wakapokea malipo ya awali, na asubuhi tuliposhuka bandarini Mkoani dereva alikuwa keshafika. Alimwamkia mama kwa adabu, akampokea mkoba, akamfungulia mlango. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba tumepata mtu mwema, na kwa hiyo yaliyofuata yaliniuma zaidi.

Pujini iko kusini-mashariki ya Chake Chake. Ni mabaki ya ngome na makazi ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye jina lake hadi leo Wapemba wanalitaja kwa hofu kidogo. Masimulizi yanasema alikuwa katili kiasi kwamba watu waliomjengea walilazimishwa kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kuna alama za mfereji uliochimbwa ili vyombo viingie kutoka baharini, kuna chumba cha chini ya ardhi ambacho ukutani kwake wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta pambo la siwa, baragumu la heshima la watawala, lililofinyangwa kwa chokaa, na kuna kisima. Kisima hicho ndicho mama alichokuja kukitazama. Alikisikia kwa bibi yake, wala hakupata kukiona.

Tulipofika, dereva hakuzima gari. Aligeuka akamwambia mama, "Bi mkubwa, jua lote hili mnakwenda kutazama mawe? Wageni wa Ulaya ndio wenye haja na mawe. Nyinyi si wenyeji?" Mama hakujibu. Alikusanya pindo la buibui, akanishika mkono, tukaingia.

Tulisimama ukingoni mwa kisima. Mama alininong'oneza, kama kwamba wenyewe wamo humo, kuwa Mkama Ndume alikuwa na wake wawili waliooneana wivu, akakigawa kisima kwa ukuta ili wasikutane machoni: mmoja aliteka kwa ndoo na kamba, mwingine alishuka kwa ngazi. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa na kipande kingine cha hadithi, ambacho wengi hawakisimulii, cha siku wake wale waliposikilizana sauti kupitia ukutani. Akavuta pumzi aanze. Honi ikalia, mara moja, fupi. Mama akanyamaza, akangoja, akafungua tena kinywa, na honi ikalia mara ya pili, ndefu, mpaka ndege wakaruka mitini.

"Twende, mwanangu," alisema. "Tunamchelewesha mtoto wa watu."

Usiku ule, tulipolala Wete, nilimwomba animalizie. Alisema imempotea. Mama yangu ana umri ambao jambo likishapotea halirudi kwa kuombwa, na kipande kile cha hadithi hakikuandikwa popote. Msomaji atakayeona kwamba nakuza kitu kidogo, basi na aone hivyo. Mimi nilikuwepo, na niliuona uso wake.

Kidike tulikwenda kimyakimya. Ni kijiji kilicho kaskazini ya Chake Chake, na wanakijiji wenyewe wanawalinda popo wa Pemba, wale wakubwa wenye nyuso kama za mbweha, ambao mabawa yao yakitandazwa hufika kama mita 1.6. Hawapatikani kwingine duniani ila kisiwa hiki. Waliliwa na kuwindwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekaribia kwisha, na vijiji vilipoanza kuwahifadhi wakaongezeka tena hadi maelfu. Kijana wa pale alituonyesha walivyoning'inia, mmoja akijipepea kwa bawa taratibu kama mwanamke anayejipepea kwa ukindu, na alizungumza na mama kwa upole nusu saa nzima bila kutazama saa. Alimweleza jinsi wanavyoeneza mbegu za miti ya matunda. Huyu naye alikuwa kijana wa Kipemba kama dereva wetu, na malipo aliyopokea kwetu yalikuwa madogo sana. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.

Hadi hapo nilikwisha azimia kuandika kwamba mtu yeyote asikodi gari kwa watu hawa. Siku ya pili ilinitatiza.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na njia ya kwenda Konde, mji ulio karibu na msitu wa Ngezi, ilikuwa imetandikwa majamvi kwenye kingo zake, karafuu zimeanikwa, mbichi zenye rangi ya kijani na nyekundu upande mmoja, zilizokwisha kukauka na kuwa za kahawia upande wa pili. Mama hakusema neno, alivuta pumzi tu kwa nguvu dirishani. Dereva aliona kwenye kioo, akasimamisha gari bila kuombwa, akashuka, akazungumza na mama mmoja aliyekuwa akichambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, akarudi na karafuu kiganjani. Mama alizifunga kwenye ncha ya kanga. Alisema babu yake alikuwa akisimulia habari za kimbunga cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na dereva alizima redio ili amsikie.

Ngezi sina malalamiko nayo hata kidogo. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,400, baridi na kiza cha majani mchana mchana, na mtembezaji wetu alituonyesha mpapindi, mnazi-mwitu usioota kwa asili popote nje ya Pemba, kisha akatusimamisha tusikilize ninga, njiwa wa kijani, wakilia juu kabisa. Mwenye kufika Konde akarudi bila kuingia Ngezi amejidhulumu.

Ras Kigomasha nilipanda peke yangu mnara ule wa chuma uliojengwa mwaka 1900, bahari imenizunguka pande tatu. Niliposhuka nilimkuta dereva amemtafutia mama kivuli na dafu, ameketi chini karibu yake, na anamwuliza, "Bibi, kile kisima cha Pujini kina nini hasa?" Kumbe amezaliwa Pemba, amepeleka wageni Pujini mara zisizohesabika, na hajapata kuingia ndani. Kila siku hubaki garini. Mama alimtazama kwa muda, akamwambia, "Nenda ukakione, mwanangu," na hakumwambia zaidi.

Basi hapo hasira zangu ziliyumba. Anaendesha kwa utulivu, hakupita mwendo hata mara moja, gari lake lilikuwa safi, na siku ya pili alimtunza mama kama mzazi wake. Nilianza kujiambia kwamba kosa ni la waliomwajiri, waliomfundisha njia tu na wasimfundishe kinachokuwa mwisho wa njia, wala kwamba mwenyeji naye ana haki ya kutazama kwao. Nilikuwa tayari kuandika kwamba kodini, ila waambieni mapema kwamba hamtaki kuharakishwa.

Kisha tukarudi Mkoani na nikapewa hesabu. Chini ya bei tuliyokubaliana palikuwa na mstari ulioongezwa kwa kalamu: kusubiri Pujini, shilingi 10,000. Nilipiga simu kwa wenye gari, wakasema ndio utaratibu, dereva akisimama zaidi ya muda fulani mteja analipia. Dereva alikuwa akitazama chini. Mama alikuwa ameshatangulia kwenye foleni ya boti, kanga yake inanukia karafuu. Nililipa, nikaikunja karatasi ile ili asiione, na sitawapigia simu tena.