Darasa la GRE la Jumamosi pale Soweto, Mbeya: tathmini ya mwanafunzi aliyemaliza kozi

Darasa ninalolizungumzia hapa hufanyika kila Jumamosi asubuhi katika chumba cha ghorofani maeneo ya Soweto, jijini Mbeya, na linawahusu watu wanaojiandaa kwa mtihani wa GRE, ambao vyuo vingi vya nje, hasa vya Marekani, huutumia katika kuwachuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Wanaohudhuria ni walimu wa sekondari, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Mzumbe, watu wa benki, na wakati wangu alikuwepo pia daktari wa mifugo aliyekuwa akipanda gari alfajiri kutoka Tukuyu. Kozi ina sehemu mbili, hisabati na lugha, na kila sehemu ina mwalimu wake. Sehemu hizo hazilingani kwa ubora, na ada niliyolipa naihesabu kuwa imerudi kwa upande wa hisabati peke yake.

Mwalimu wa hisabati ameelewa jambo ambalo wengi wetu tuliosoma shule za Tanzania huwa hatulioni mapema. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa kuonyesha njia, kwa sababu msahihishaji hutoa alama kwa hatua hata pale jibu la mwisho linapokuwa si sahihi. Katika GRE hakuna msahihishaji wa hatua. Kompyuta inapokea jibu tu, haijali umelifikiaje, na wala haikupunguzii alama ukikosea. Mtu mwenye hisabati nzuri ya kidato cha sita anaweza basi kuingia kwenye mtihani huu, akaandika mlinganyo safi, akaurahisisha mstari kwa mstari hadi mwisho, na akajikuta muda umekwisha huku maswali matano hayajaguswa. Jumamosi za mwanzo mwalimu huyu hafundishi mada yoyote mpya. Kazi yake ni kuivunja tabia hiyo, na anaifanya kwa subira ambayo sikuitarajia.

Nitatoa mfano mmoja kama ulivyokuwa. Aliandika ubaoni kwamba gari limetoka mji mmoja kwenda mwingine kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa, kisha akauliza wastani wa mwendo wa safari nzima. Karibu darasa zima lilijibu 50. Mmoja wetu aliyekaa nyuma alidai kuwa swali halijakamilika kwa kuwa umbali haukutajwa, na mwalimu, badala ya kumjibu, akachagua umbali wa kilomita 120: kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5, yaani 48. Akafuta, akaweka kilomita 240: saa 4 na saa 6, kilomita 480 kwa saa 10, bado 48. Hapo akanyamaza na kutuacha tuone wenyewe kwamba umbali hauna kazi katika swali hilo, na kwamba 50 haiwezi kuwa jibu kwa sababu gari limetumia muda mrefu zaidi likiwa kwenye mwendo mdogo. Mlinganyo wenye herufi aliuleta baadaye, kwa aliyeutaka.

Ustadi wake unaonekana zaidi katika maswali ya kulinganisha viasi viwili, ambayo ndiyo yanayowasumbua wageni wa mtihani huu. Katika maswali hayo unapewa Kiasi A na Kiasi B, na majibu ni manne yasiyobadilika: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa zilizotolewa hazitoshi kuamua. Tuseme umeambiwa kwamba x ni kubwa kuliko sifuri, Kiasi A ni x² na Kiasi B ni x. Mtu anayewaza namba nzima tu ataweka 2, atapata 4 dhidi ya 2, na atachagua A kwa furaha. Mwalimu anadai kwamba kabla hujagusa jibu ujaribu pia namba 1 na sehemu iliyo ndogo kuliko 1: kwa 1 viasi vinalingana, kwa nusu B kinazidi, na kwa kuwa umepata matokeo yanayopingana, jibu ni la nne na kazi imekwisha. Pale swali linapokuwa halijaweka mpaka, anataka na sifuri na namba hasi zijaribiwe. Hakuna aljebra iliyofanyika, na sekunde zilizotumika hazifiki thelathini.

Aina nyingine anayoipenda ni ile inayomvuta mtu kwenye kikokotoo bila sababu. Asilimia 38 ya 50, na asilimia 50 ya 38: kipi ni kikubwa? Kikokotoo kipo kwenye skrini ya GRE na kinaruhusiwa katika sehemu yote ya hisabati, lakini ni kidogo na cha kubonyeza tarakimu mojamoja, na mtu aliyeona kwamba pande zote mbili ni zao lilelile la 38 na 50 lililogawanywa kwa 100 ameshahamia swali linalofuata wakati mwenzake bado anatafuta kitufe cha kuzidisha. Muda huo una thamani: sehemu ya kwanza ya hisabati ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili maswali 15 kwa dakika 26, yaani takriban dakika moja na robo tatu kwa kila swali, na ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya katika ya kwanza.

Sehemu ya lugha ni habari nyingine. Mwalimu wake ni mtu mwenye Kiingereza kizuri na moyo wa kazi, lakini ameijenga kozi yake juu ya orodha ndefu za misamiati ya kukariri, na sehemu kubwa ya kila kipindi huishia katika kuulizana maana za maneno. Misamiati inahitajika, sikatai, kwa kuwa maswali ya kujaza nafasi yanaitegemea. Hata hivyo, mtihani unapima pia namna ya kupima hoja, na hilo tulilifanya mara chache mno. Inasikitisha kwa sababu kipindi kimoja alichokitenga kwa kazi hiyo kilikuwa bora kuliko vingine vyote alivyofundisha. Alileta hoja aliyoitunga mwenyewe: wakulima wa viazi waliotumia mbolea fulani mpya walivuna zaidi ya wale ambao hawakuitumia, kwa hiyo mbolea hiyo ndiyo iliyoongeza mavuno, je, ni kauli ipi inayoidhoofisha hoja hii? Wengi walichagua kauli iliyosema kwamba mbolea hiyo ni ghali kupita uwezo wa mkulima mdogo, na nadhani kila mwenye ndugu anayelima Uyole au Makete anaelewa kwa nini. Jibu lilikuwa kwamba wengi wa walioitumia walikuwa na mashamba ya bondeni yenye maji mwaka mzima. Kauli ya bei inaweza kuwa kweli, na inaweza kuuma, lakini haigusi kiungo kati ya mbolea na mavuno. Ya mashamba ya bondeni inaleta sababu nyingine inayoweza kuyaeleza mavuno yaleyale. Kama nusu ya vipindi vya lugha ingekuwa ya namna hiyo, tathmini hii ingeandikwa kwa sauti tofauti.

Lawama yangu kubwa ni vitini. Taasisi ya ETS, inayotunga GRE, iliufupisha mtihani huu Septemba 2023: sasa unachukua saa 1 na dakika 58, insha ni moja badala ya mbili, na maswali ya hisabati ni 27 kwa jumla. Vitini tulivyouziwa ni nakala za fotokopi zinazoeleza mtihani wa zamani, wenye sehemu za maswali 20 kwa dakika 35 na insha ya kuchambua hoja ambayo haipo tena. Walimu wanayajua mabadiliko hayo na huyataja kwa mdomo, lakini mwanafunzi anayejisomea nyumbani anafanya mazoezi kwa mwendo usio sahihi. Wachache waliokuwa wakilenga GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, walipewa kitini kibaya zaidi, chenye kurasa kadhaa za jiometri na za kusahihisha sentensi, mambo ambayo toleo la sasa la mtihani huo, lenye alama za kuanzia 205 hadi 805, limeyaondoa.

Jambo la pili ni kwamba kozi nzima hufanyika kwa karatasi na kalamu. GRE ni mtihani wa kompyuta, wenye kitufe cha kuweka alama kwenye swali ili ulirudie kabla muda wa sehemu haujaisha, na mtu anayekiona kwa mara ya kwanza siku ya mtihani amejinyima msaada mkubwa. ETS yenyewe inatoa majaribio mawili ya bure ya PowerPrep yanayofanana na mtihani halisi, na kituo kingeweza kuwaelekeza watu huko tangu wiki ya kwanza badala ya kungoja kipindi cha kuagana. Kwa wanaopanga kuufanya mtihani nyumbani kuna sharti ambalo halikutajwa kabisa: karatasi za kawaida za kukokotolea haziruhusiwi, unatumia ubao mweupe mdogo au karatasi moja iliyotiwa ndani ya plastiki angavu, kwa kalamu inayofutika. Kukokotoa kwa kalamu nene kwenye eneo dogo la kufutafuta ni kazi inayotaka kuzoewa.

Chumba kinatosha, viti ni imara, ila madirisha hayafungi vizuri na anayekwenda kati ya Juni na Julai aende na koti zito. Kozi nzima ni sh. 150,000, na anayetaka hisabati pekee hulipa sh. 90,000, vitini vina bei yake pembeni. Kwa mtu aliyeachana na hisabati miaka mingi, au anayejua hisabati sana lakini hufanya kila swali kwa njia ndefu, ningemshauri ajiandikishe. Mwenye tatizo la kusoma na kuchambua vifungu atafute mahali pengine. Kabla ya kulipa, mwombe msimamizi akuonyeshe ukurasa wa kitini unaotaja muda wa mtihani: ukikuta bado umeandikwa dakika 35 kwa maswali 20, lipia hisabati peke yake na vitini uviache palepale mezani.