Uvundo wa kabatini: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Siku mbili kabla ya Idi nilifungua sanduku nikatoa kanzu ya mwanangu. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi na kukunjwa tangu Idi iliyopita. Begani imeingia kawa, vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na uvundo wake ukajaa chumba kizima. Humo sandukuni mlikuwa na vifuko vitatu vya manukato nilivyonunua dukani, na vyote vilikuwa bado vinanukia. Fedha yangu niliitumia kununua harufu, kumbe kilichonishinda ni maji.

Sisi wa mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Pemba na Dar, tunaishi na hewa yenye maji mwaka mzima. Ikifika masika, Machi hadi Mei, hata chumvi ya mezani inaloa. Kuvu inayotia kawa haitaki mengi: unyevu, giza, hewa iliyotulia, na chakula kidogo. Chakula hicho ni jasho lililobaki kwapani, wanga uliotiwa kwenye kanzu ili isimame, na pamba yenyewe. Kwa hiyo nimepanga vitu hivi kwa swali moja tu: ukiwa na elfu tano moja ya Tanzania ya kutunza nguo zako, uanze kuitoa wapi?

Kuna mambo matatu ya bure kwanza, maana bila hayo hela itapotea. Nguo ikitoka kwenye pasi ina mvuke ndani yake. Itundike saa nzima kabla ya kuikunja. Mfuko wa plastiki aliokufungia dobi utoe siku hiyohiyo. Na kabati lisiegemee ukuta wa nje. Liache vidole vinne hewa ipite. Kabati langu la mbao za kubandika liliegemea ukuta unaopigwa na mvua za kusi, na mgongo wake ulikuwa umevimba kama andazi.

1. Kopo la kufyonza unyevu

Halina harufu, halina mapambo, na hakuna mgeni atakayelisifia. Bado nalipa nafasi ya kwanza.

Ni kopo la plastiki lenye vyumba viwili. Juu kuna chembe nyeupe za kloridi ya kalsiamu, chini patupu. Chembe hunyonya maji ya hewani, zinayeyuka, na maji yanadondoka chini. Mara ya kwanza kuliweka nilidhani mtoto amemwaga kikombe humo. Baada ya wiki chache za masika kopo lilikuwa limejaa.

Ukinunua, soma gramu za chembe, usitazame ukubwa wa kopo. Chagua lenye utando juu badala ya matundu wazi, kwa sababu yale maji ni ya chumvi kali. Yakimwagikia kiatu cha ngozi, kiatu kimekwisha. Yakimwagikia nguo, haikauki hadi uifue, kwani chumvi inaendelea kuvuta unyevu. Kabati refu la nguo za kutundika linafaa zaidi mfuko wa kuning'iniza, wenye chembe zilezile. Yale yenye harufu ya lavenda siyanunui: nataka pua yangu iniambie ukweli wa kabati. Na mlango ufungwe. Ukiuacha wazi utakuwa unakausha Bahari ya Hindi.

Vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vingi vina gramu moja au mbili. Vinatosha boksi la viatu, basi. Ukipata silika ya kupima kwa gramu mia kadhaa inafaa, na faida yake ni kwamba huikausha kwenye oveni ukaitumia tena. Punje za buluu zinazogeuka pinki zina kobalti, ambayo si kitu cha kuchezea. Tafuta za rangi ya chungwa.

Mkaa je? Mkaa wa kupikia hupunguza harufu kidogo, lakini kwa maji haulifikii kopo hata nusu. Ni wa bei ya chini, haya, utie kwenye soksi nene na uifunge vizuri, la sivyo vumbi lake litakupa kazi nyingine. Mchele usiweke kabisa, labda kama unataka kufuga fukusi.

2. Karafuu

Kabati likishakauka ndiyo unaanza kuzungumzia harufu, na hapo sioni kinachoishinda karafuu kwa bei yake. Kipakiti cha shilingi 500 au 1,000 cha duka la mtaani kinatosha droo mbili. Mafuta yake sehemu kubwa ni yujenoli (eugenol), ileile inayofanya daktari wa meno anukie karafuu, na wadudu wengi hawaipendi.

Tatizo ni kwamba karafuu nyingi za dukani zimechoka. Nyingine zimekaa miaka kwenye chupa, nyingine zimekamuliwa mafuta kabla ya kukufikia. Vipimo viwili sijawahi kuviacha. Bonyeza kichwa cha karafuu kwa ukucha: nzuri inatoa mafuta, na kidole kinanukia hadi jioni. Kisha dondosha chache kwenye glasi ya maji. Nzuri inazama au inasimama wima, kichwa juu. Iliyokamuliwa inalala ubavu ikielea kama mtumbwi. Muuzaji pale soko la Darajani, Unguja, alinitazama nikiomba maji, akacheka, "Bi mkubwa, wewe mtu wa Pemba nini?" Akanichotea kutoka gunia jingine.

Angalia pia kama ni karafuu au ni makonyo, yaani vikonyo vyake. Makonyo yana mafuta pia, na Pemba hukamuliwa kwa ajili ya hayo, lakini yana harufu kali na kavu kuliko karafuu yenyewe. Ukiuziwa makonyo kwa bei ya makonyo, hakuna ubaya. Ukiuziwa kwa bei ya karafuu, umeibiwa.

Usizimwage wazi juu ya nguo. Mafuta yake huacha doa la kahawia, na kwenye kanzu nyeupe utalijua. Mimi hushona vifuko vya kitambaa cha marekani vya ukubwa wa kiganja, natia vijiko viwili, wakati mwingine na kipande cha mdalasini, kisha nakitundika pembeni kisiguse kitu. Harufu ikififia usitupe. Zivunjevunje kidogo kwa mchi, zinaamka tena mwezi mwingine.

3. Sabuni ya kipande

Bibi yangu hakuwahi kununua kitu cha kabati maishani mwake. Alinunua sabuni za kuogea sita kwa mpigo, akazitoa kwenye makaratasi, akazipanga katikati ya kanga. Kanga zake zilinukia Imperial Leather mpaka tukadhani hiyo ndiyo harufu ya kanga.

Uzuri wake ni kwamba hupotezi kitu. Sabuni iliyokaa kabatini miezi mitatu hukauka ikawa ngumu, na ukija kuiogea haiyeyuki haraka. Chagua nyeupe au ya rangi hafifu, ifunge kwenye kitambaa chepesi. Sabuni ya mche na zile nyekundu za dawa ziache bafuni.

4. Udi

Kama ningepanga kwa raha tu, udi ungekuwa wa kwanza na nisingemsikiliza mtu. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, na udi ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote kumtapeli mnunuzi.

Udi wa vipande ni mti wa jamii ya Aquilaria, wa Asia ya kusini na kusini-mashariki. Mti wenye afya hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, hujilinda kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio tunaoulipia. Yaani ndugu wa kuvu tunayoifukuza kabatini, huko anatengeneza mali! Kwa kuwa miti hiyo imekatwa sana, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, na bei yake inapanda mpaka unashangaa. Huuzwa kwa gramu au kwa tola, na tola ni kama gramu 11.7.

Vipande vya bei ya chini mara nyingi ni mti wa kawaida uliolowekwa kwenye manukato na kupakwa rangi. Sugua kwa kidole kilicholowa. Kidole kikitoka cheusi, rudisha. Omba kipande kichomwe mbele yako. Udi wa kweli utomvu wake hutoa mapovu madogo pembeni na moshi wake hautekenyi koo. Wa uongo unaanza na harufu tamu, dakika mbili baadaye chumba kinanuka kama karatasi iliyoungua. Neno "Kambodia" likitajwa na muuzaji si cheti.

Kwa nguo za kila wakati, mimi nanunua udi wa kupika, ule wa kina mama wa Unguja na Mombasa, unaochemshwa kwa sukari ukachanganywa na unga wa udi, sandali (mti wa kunukia) na marashi. Ni wa bei ya mtu wa kawaida, na kila mpishi ana mkono wake. Nunua kidogo kwa wapishi wawili watatu kabla ya kuchagua wako. Ila ukumbuke una sukari: moshi wake ni mzito, ukiuweka karibu mno na nguo unaacha unato.

Kufukiza kwenyewe: subiri mkaa uwe na jivu jeupe, hasa ule wa vidonge unaojiwasha, maana moshi wake wa mwanzo unanuka baruti. Weka chetezo chini ya tenga lililopinduliwa, tandaza nguo juu, kaa hapohapo. Pamba na hariri zinashika harufu vizuri. Mabuibui mengi siku hizi ni poliesta, na poliesta inayeyuka kabla hujasema "shela yangu". Nguo zikitoka hapo zikunjwe na zifungiwe mara moja. Nyumba yenye mwenye pumu, fukiza uani.

5. Mbao za mtarakwa

Kwa wa pwani hii ni ya tano. Kwa wa Nairobi, Njombe, Arusha au Mbeya wenye masweta na makoti ya sufu, ni ya pili au hata ya kwanza, kwa sababu huko adui ni nondo (wa kuruka, si wa ujenzi). Funza wake hula sufu, manyoya na hariri. Pamba safi haimshughulishi.

Dukani utakuta vipande vya seda vilivyotoka mbali kwa bei ya kuudhi. Mtarakwa wetu, ambao Tanzania wengi huuita mwangati, ni ndugu yao, na mafundi seremala wa nyanda za juu huwa na mabaki. Omba vipande vya kiganja, vikwangue kwa msasa kila baada ya miezi mitatu harufu irudi. Mbao hizi humsumbua nondo, haziui funza aliyekwisha kuingia. Sweta lifuliwe kwanza.

6. Vifuko vya manukato vya dukani

Vinanukia mwezi mmoja. Vinavyodai ni sandali halisi kwa bei ya soda, usiamini. Hata msandali wetu wa Afrika Mashariki uliwekwa chini ya CITES mwaka 2013 kwa kuvunwa kupita kiasi.

Cha kuacha dukani: vidonge vyeupe vya nondo

Najua viko kwenye makabati mengi, na vingi ni naftalini. Umoja wa Ulaya uliviondoa sokoni kama dawa ya nondo mwaka 2008. Kwetu sababu ni nzito zaidi. Watu wengi katika maeneo ya malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na kwao mvuke wa naftalini unaweza kupasua chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na vidonge hivyo anaweza kupata manjano makali, na manjano makali huharibu ubongo. Na ndivyo tunavyofanya: nguo za mtoto wa kwanza tunazihifadhi kwa naftalini, tunamtolea wa pili. Halafu vidonge vyenyewe vinafanana na pipi.

Kafuri nayo ni sumu mtoto akiimeza. Isitoshe, pwani kafuri ni harufu ya kuoshea maiti. Ukiingia nayo harusini, wazee watageuka.

Kama nguo zako tayari zinanuka naftalini, usikimbilie kuzifukiza udi, harufu mbili zitaoana vibaya. Zitundike kivulini penye upepo siku tatu, zifue, kisha zitundike tena. Siku ya nne nusa kwapani na kwenye mshono wa kola. Ikikupiga puani, irudi kambani.