Shambre yangu kifuani: mwaka mmoja na miezi minne nayo

Shimio ya pili, yaani awamu ya pili ya dawa kali za saratani, ndiyo iliyonichosha. Muuguzi alinichoma mkono wa kulia mara sita kabla ya kupata mshipa. Wa kushoto haukuguswa, maana upande huo nilikatwa titi na kutolewa tezi za kwapani. Na dawa yenyewe ilikuwa ile nyekundu, doksorubisini, ambayo ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Baada ya siku chache mshipa ulikuwa mgumu kama kamba, mweusi mpaka kwenye kiwiko. Nililia kwa kuwa bado zilibaki shimio sita.

Lusaka, nilikokwenda kwa vipimo, daktari alinishauri niwekewe shambre, mlango wa kupitishia dawa unaokaa chini ya ngozi ya kifua. Tuliuza pikipiki ya mume wangu, na sijutii.

Ni kisanduku kidogo cha titani, upana wake kama kifuniko cha chupa ya soda, kinakaa chini ya ngozi upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Juu kimefunikwa kwa silikoni nene. Kutoka hapo mrija mwembamba unaingia mshipa mkubwa na kuishia karibu na moyo, mahali damu ni nyingi na inakwenda kasi, hivyo dawa inachanganyika mara moja na haipati nafasi ya kuunguza. Walinitia ganzi ya mahali pale tu, nikawa nawasikia wakizungumza. Haikufika saa moja, kisha nikapigwa picha ya kifua kuhakikisha mrija umekaa vizuri.

Wiki ya kwanza inauma. Baadaye kilichonisumbua ni mkanda wa gari: huku kwetu, katika gari yenye usukani kushoto, abiria wa mbele mkanda unampita bega la kulia, juu ya shambre kabisa. Tangu mpakani Kasumbalesa mpaka kwetu Lubumbashi nilishikilia kitambaa kilichokunjwa katikati ya mkanda na ngozi. Siku hizi nakaa nyuma, kushoto.

Shimio zote sita zilipita humo. Mchomo mmoja, basi. Mkono wangu ulipona, naukanda ugali nao.

Lakini wenzangu, sikilizeni habari ya sindano. Shambre inataka sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepinda ili ipenye silikoni bila kuimega. Sindano ya kawaida inang'oa vipande, na siku moja kisanduku kitavuja. Kwenye kituo kimoja cha afya hapa Katuba kijana alinijia na sindano ya kawaida na bomba la mililita tano.

"Mama, zote ni sindano tu."

"Hapana, mwanangu. Na bomba hilo ni dogo, linasukuma kwa nguvu mno, mrija unaweza kupasuka. Leta la mililita kumi."

Hakukasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, na leo ndiye ninayemwamini kuliko wote: anavaa glavu safi na barakoa, anasafisha ngozi, anangoja ikauke, hana haraka.

Kosa langu mwenyewe lilikuja shimio zilipokwisha. Niliambiwa shambre isiyotumika isafishwe kila wiki nne kwa maji ya chumvi na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Sindano ziliniishia, nikasema nitangoja, ikapita karibu miezi mitatu. Siku ya kusafisha maji yaliingia, ila damu haikurudi alipovuta, dalili kwamba huenda mrija umeziba. Niliogopa sana. Yule kijana akaniambia niinue mkono, nigeuze kichwa, hakuna kitu. Akasema, "Kohoa, mama." Nilikohoa mara mbili, damu ikapanda kwenye mrija. Sikuwahi kufurahia kuona damu namna ile.

Ukitetemeka kwa baridi na homa baada ya kusafishwa, au mkono na shingo vikivimba upande wa shambre, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijitibu malaria nyumbani. Mrija huo uko karibu na moyo, na wadudu wakiingia humo wanaenea mwilini mwote.

Daktari anataka ikae kwanza, vipimo viendelee. Sindano zangu naziweka kwenye kopo la Nido, kila moja kwenye pakiti yake. Zimebaki tatu. Binamu yangu anakwenda Lusaka Alhamisi, nimempa pesa za sita nyingine na pakiti tupu ili asikosee.