Tundu la neti la kufugia vipepeo la pale Mlango Mmoja, Mwanza: zuri, ila hiyo zipu

Hili tundu nimeshalitumia vya kutosha, sasa naweza kulisemea. Anashona fundi mmoja pale Mlango Mmoja, fremu ya waya mnene, neti pande tatu, upande wa nne nailoni ngumu ya kuonea, zipu mbele, 15,000 na ukimbembeleza anashuka. Nilichompendea ni kwamba hatumii chandarua cha kliniki, maana vile vina dawa na kiwavi akitambaa humo kwisha habari yake, yeye anaweka neti ya dirisha. Kwa hiyo usimpelekee chandarua cha nyumbani eti upunguziwe bei.

Mimi nalea wale vipepeo weusi wenye madoa ya njano wa kwenye ndimu, huku Nyegezi ukiwa na mti wa ndimu unao hata kama hujui. Yai ni kiduara cha njano iliyopauka, linakaa peke yake kwenye jani changa. Kiwavi akiwa mdogo utaapa ni mavi ya ndege, mweusi na baka jeupe, halafu akijivua ngozi mara ya nne anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa vipembe viwili nyuma ya kichwa, harufu yake sasa, acha tu! Wakati wa kuwa pupa, yaani kutulia ndani ya gamba kabla ya kutoka kipepeo, anapanda kijiti au neti yenyewe, anajifunga uzi kiunoni kama fundi umeme juu ya nguzo, na hapo ndo utaona raha ya hili tundu maana yote hayo unayaona bila kufungua.

Sasa kasoro. Zipu haifiki kona, sisimizi wanapita na yai hawaliachi, na tundu halina miguu, ikabidi niliweke juu ya stuli na miguu ya stuli nikaitia kwenye makopo ya maji. Nailoni nayo inashika mvuke wa majani, asubuhi huoni kitu mpaka ufute. Na wale wadudu wa ziwani wakijaa usiliache karibu na taa ya kibarazani, neti yote inaziba.

Ukiagiza mwambie alifanye refu kwenda juu, kipepeo akitoka lazima apate pa kuning'inia mbawa zinyooke, zikikauka zimejikunja ndo basi haruki tena. Nyota nne kati ya tano, akirekebisha zipu namuongezea ya tano.