Mlango wa gari unalia: ununue kopo lipi?

Bawaba zikilia, wengi tunakimbilia WD-40, ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu. Unapuliza, kelele inakata, unasahau. Masika ikipiga kidogo mlango unaanza tena, na lawama anabebeshwa muuzaji wa Kariakoo kwamba kauza feki. Huenda ni halisi kabisa. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kiyeyusho chepesi, jamii ya mafuta ya taa. Hicho ndicho kinachopenya kwenye kutu, kisha kinapaa na kuacha utando mwembamba wa oili.

Kwa bawaba na komeo la boneti, namba moja ni grisi nyeupe ya lithiamu ya kupuliza. Inatoka nyepesi, inaingia kwenye mwanya, halafu inakuwa nzito na kung'ang'ania chuma. Unayekaa Kigamboni au Kunduchi, ambako hewa ya chumvi inakula vyuma, usihangaike na nyingine. Soma lebo lakini: WD-40 wenyewe wanatengeneza grisi hii pia, kwenye kopo tofauti.

Ya pili ni grisi ya kawaida, ile fundi anayopaka kwenye beringi. Tafuta iliyoandikwa NLGI 2, yaani kipimo cha uzito wa grisi. Kwa kudumu haina neno, ila kuifikisha ndani ya bawaba bila kuifungua ni kazi, na vumbi inalipenda.

Silikoni ya kupuliza naiweka ya tatu kwa sababu kwenye chuma chenye uzito haifui dafu. Kwa raba za milango na njia za vioo, nunua hiyo tu. Grisi inayotokana na mafuta ya petroli huvimbisha raba nyingi.

WD-40 ya kawaida inakuja ya nne, kama kilainishi. Kwenye nati ya ekzosi iliyoganda hadithi ni nyingine: injini ikiwa imepoa, puliza, gonga kidogo kwa nyundo, iache robo saa au hata usiku kucha, puliza tena, ndipo ushike spana. Hata bawaba kuukuu ianzie hapo. Uchafu mweusi ukishatiririka, futa kwa kitambaa, acha ikauke, kisha grisi.

Mkiani ni oili chafu ya gereji. Ni ya bure, na shati jeupe la kazini litalipia.

Pini za kalipa za breki (kalipa ndiyo inayobana pedi kwenye diski) hazimo kwenye orodha hii. Zina grisi yake maalumu inayohimili joto, na karibu na diski au pedi usipulize kopo lolote kati ya haya.