Matembezi ya historia ya siasa Nairobi, kutoka Kamukunji hadi paa la KICC: nilivyoyaona

Nimefundisha Historia na Serikali kwa miaka 31 katika shule za upili za Trans Nzoia. Kwa muda huo wote niliwasimulia watoto wa watu habari za Kamukunji bila mimi mwenyewe kukanyaga kiwanja chenyewe. Mwezi uliopita binti yangu alinilipia matembezi haya, shilingi 2,500 kwa mtu mmoja, mwendo wa saa tatu na nusu kwa miguu, kiongozi mmoja na sisi watu 14. Kampuni siitaji. Nina la kulalamikia, na kijana aliyetuongoza ana kipawa ambacho nisingependa kukiharibia jina. Njia yao ni Kamukunji, Nyayo House, Uhuru Park, Bunge, kisha KICC, lile jumba la mikutano la Kenyatta, mpaka juu.

Nianze na sifa, kwa kuwa zimestahili. Pale Kamukunji kijana hakutuanzia na tarehe. Alituomba tunyamaze tusikilize nyundo za mafundi wa jua kali wakigonga mabati, kisha ndipo akatuambia kwamba tarehe 7 Julai 1990 watu walikuja hapa kwa mkutano wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, ilhali wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia waliouitisha walikuwa wamekwisha kuwekwa kizuizini siku chache kabla. Alitueleza kifungu cha 2A kilichoifanya KANU chama pekee kisheria mwaka 1982 na jinsi kilivyofutwa Desemba 1991. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado nywele zilinisimama.

Nyayo House tuliitazama kwa nje tu. Alizungumzia vyumba vya chini ya ardhi na waliotesewa humo miaka ya 1980, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyepiga picha. Alifanya vizuri.

Uhuru Park alitupa jambo ambalo vijana wote kwenye kundi walikuwa hawalijui. Mwaka 1989 KANU ilitaka kujenga hapo jumba la ghorofa 60 ambalo lingekuwa makao yake makuu pamoja na gazeti lake, na Profesa Wangari Maathai akapinga mpaka mpango ukaachwa. Kisha akatuonyesha upande walikokusanyika watu Oktoba 2002 siku Raila Odinga aliposema "Kibaki tosha", na alikoapishwa Mwai Kibaki tarehe 30 Desemba mwaka huo huo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Bustani moja ilikikatalia chama jumba, na miaka 13 baadaye ikashuhudia kikikabidhi serikali. Hapo kiongozi angeweza kukaa nusu saa nzima nami nisingechoka.

Kasoro zilianza mbele ya Bunge. Msichana mmoja wa chuo kikuu aliuliza swali lililonifanya nisahau magoti yanavyouma. "Chama kikishindwa uchaguzi, mtu atajuaje kama kimeanguka tu ama kimekwisha?" Kijana akamwambia asubiri, jibu liko juu ya KICC. Tukapanda. Upepo mwingi, Ngong ikionekana vizuri upande ule, jiji lote miguuni petu. Akatueleza kwamba jumba hili lilianzishwa liwe makao makuu ya KANU, likapanuliwa na kufunguliwa 1973, mwaka ambao Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikutana hapa. Na kwamba tarehe 11 Februari 2003 serikali mpya ililichukua. Halafu akalijibu swali la msichana kwa sentensi moja: KANU ilikufa 27 Desemba 2002, na kulipoteza jumba hili ndiyo yalikuwa mazishi. Dakika kumi, picha, tukashuka.

Hilo ndilo lalamiko langu. Amelipatia jumba uzito, akalisahau swali, na swali lilikuwa zuri kuliko chochote tulichokiona siku ile.

Usiku wa 27 Desemba 2002 nilikuwa karani katika kituo cha kupigia kura karibu na Kiminini. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza kura kuhesabiwa pale pale kituoni, kwa hiyo niliziona kwa macho yangu, chini ya taa za kandili, mawakala wametuinamia mabegani. Rundo la jogoo, alama ya KANU, lilikuwa dogo. Lakini lilikuwapo, na watu waliolipiga hawakuwa wamelazimishwa na mtu tena. Kote nchini mgombea wa KANU, Uhuru Kenyatta, alipata kama asilimia 31, na KANU ikaingia bungeni na viti 64 kati ya 210 vya kuchaguliwa. Wako wanaotawala leo katika nchi nyingine ambao wangeshukuru kuanzia upinzani na viti 64. Maiti haipati theluthi ya kura.

Nitamtaja na baba yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi. Alikuwa mweka hazina wa tawi dogo la KANU kwetu. Siku za soko aliketi langoni na kitabu cha risiti, vijana wa KANU wamesimama kando yake, na asiye na kadi ya chama alirudishwa. Hakujivunia hilo uzeeni. Wanachama walihimizwa na chifu kwenye baraza, na naibu wa chifu ndiye aliyeleta orodha. Mwaka 2003 ulipoanza, baba aliweka vitabu vyake tayari mezani, vimefungwa kwa uzi, akingoja mtu wa tawi kutoka Kitale aje avikague kama kila mwaka. Hakuja mtu. Chifu alikuwa bado ni chifu, ila sasa alihubiri habari za serikali nyingine. Baba alikuja kuniambia, "Mwanangu, kumbe tulikuwa tunaazima miguu ya serikali." Alivihifadhi vile vitabu mpaka alipofariki 2011.

Kwa hiyo kijana hajakosea kabisa. Chama kilichozoea kukusanyiwa watu na chifu kikinyang'anywa serikali hupigwa na butwaa. Hata hivyo butwaa si kifo, na ushahidi ni wa miaka miwili na miezi kumi na moja tu baadaye. Katika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005, KANU ilisimama upande wa chungwa, ule uliopinga katiba iliyopendekezwa, pamoja na kina Raila wa chama cha LDP, na upande huo ukaishinda serikali iliyoko madarakani kwa asilimia 58 hivi. Mtu anayesema KANU ilikufa 2002 hana budi kunieleza huyo aliyesimama jukwaani 2005 ni nani.

Mwaka 2007 ndio ninaoulilia. Uhuru Kenyatta alikuwa kiongozi rasmi wa upinzani bungeni, mwenyekiti wa KANU, akatangaza kwamba chama hakitasimamisha mgombea wa urais na kwamba yeye atamuunga mkono Kibaki. Mpiga kura wa Kiminini aliyekuwa na jogoo moyoni alifungua karatasi ya urais, hakumwona jogoo. 2013 hakumwona. 2017 hakumwona. 2022 hakumwona. Tangu 2002 jogoo hajarudi kwenye karatasi ya kura ya urais hata mara moja, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima aliyekwisha kupiga kura. Uhuru mwenyewe aliondoka 2012, akaunda chama cha TNA, akawa rais mwaka uliofuata. Gideon Moi, mwana wa Rais Daniel arap Moi, akarithi KANU, na 2022 akapoteza kiti cha useneta cha Baringo, nyumbani kwa babake.

Juu ya paa lile ndipo kijana angetuambia habari za majirani. Zambia, UNIP ya Kenneth Kaunda ilishindwa vibaya Oktoba 1991, lakini ilibaki na viti 25 kati ya 150. Mwaka 1996, Kaunda alipozuiwa kikatiba kugombea, chama kikaususia uchaguzi wote. Naielewa hasira yao, walikuwa wameonewa. Ila walipotaka kurudi, watu wao walikuwa wamekwisha kujifunza kuishi bila wao. Malawi, chama cha Kamuzu Banda, MCP, kilishindwa 1994 kikiwa na madhambi mazito kuliko ya wengi, watu walikuwa na kila sababu ya kukisahau. Kikagombea 1999, kikashindwa. Kikagombea tena na tena, kikashindwa tena na tena, huku kikiilinda ngome yake ya Kanda ya Kati, mpaka Lazarus Chakwera akakirudisha Ikulu 2020, baada ya miaka 26. Septemba 2025 kikashindwa upya, na sioni mtu mwenye akili wa kukichimbia kaburi. NDC ya Ghana imetoka madarakani 2000 ikarudi 2008, ikatoka 2016 ikarudi kwa kura ya Desemba 2024.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule msichana lingekuwa hili: usitazame matokeo ya siku ya kushindwa, tazama karatasi ya kura ya uchaguzi unaofuata. Je, alama ya chama ipo, juu kabisa, kwenye urais? Viongozi wakikwambia wameiondoa kwa hekima, kwa muungano, kwa umoja wa taifa, anza kuhesabu. Chama cha Jubilee kilimpa Uhuru ushindi 2017, na 2022 hakikuwa na mgombea wake wa urais. Wote tumeona kilichofuata. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba miungano ndiyo inayoshinda Kenya. Inawashindia watu, si vyama. Chama kinachoazima jina la mwingine kila baada ya miaka mitano hakina cha kuwaambia wafuasi wa kijijini wakeshe usiku kulinda kura ya nani.

Mzee mmoja kwenye kundi letu, mtu wa heshima, alinong'ona tukishuka kwenye lifti kwamba KANU haikufa kamwe, marais wote watano wamepitia humo. Ni kweli, kuanzia Mzee Kenyatta hadi William Ruto. Lakini sikubaliani naye, na nilimwambia. Watu waliotoka nyumba moja si nyumba. Chama ni tawi, ni daftari la wanachama, ni mkutano ambapo mwanachama wa kawaida anaweza kumkataa mwenyekiti. Vitu hivyo havikuhama na yeyote kati ya hao watano. Vilibaki vimefungwa kwa uzi juu ya meza ya baba yangu.

Nirudi kwenye huduma yenyewe. Nawashauri walimu wawalete wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, kwa kuwa sura nzima za silabasi ziko kwenye njia hii. Wenye magoti kama yangu wajue kwamba kutoka Kamukunji hadi Nyayo House ni mwendo mrefu kwenye jua na msongamano wa Haile Selassie, na hakuna mahali palipopangwa pa kupumzika. Chukueni maji, chukueni kofia. Kundi la watu 14 ni kubwa mno barabarani. Walio nyuma hawasikii neno. Kampuni ikipunguza hadi wanane, au ikimpa kijana kipaza sauti kidogo cha mkononi, fedha hiyo itakuwa ya haki. Na chukueni kitambulisho, msije mkaulizwa mkakosa.

Nyota nne kwa Kamukunji na Uhuru Park, mbili kwa jibu la juu ya paa. Nilimwandikia kijana usiku ule ule, nikamweleza habari za 2005 na 2007, nikamwambia nina kitabu kimoja cha risiti cha mwaka 1987 ambacho ningependa kundi lake likishike mikononi. Alinijibu kabla ya saa nne: "Shikamoo Mwalimu. Njoo nacho. Paa nitalitengea nusu saa."

Nimemwahidi likizo ya Agosti.