Ndege ya Mabomu ya Injini Mbili: Ipi Inunuliwe Vita Ikiwa Imepamba Moto

Mnunuzi wa jeshi la anga wa mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, akipewa karatasi za viwanda, jicho hukimbilia kasi na masafa. Hapo ndipo anapopotea. Ndege ya mabomu ya ukubwa wa kati haiangamii kwa kuzidiwa kilomita 30 kwa saa. Inaangamia kwa tangi lisilojiziba likitobolewa, kwa uwanja mfupi, na kwa rubani aliyemaliza mafunzo juzi. Kagua hayo matatu kwanza, kasi baadaye.

1. B-25 Mitchell

Nunua hii ya Marekani. Ina gurudumu la mbele, kwa hiyo rubani anaiona njia yote badala ya kutazama pua iliyoinuka, na ikitua haina hila. Tarehe 18 Aprili 1942 ndege 16 za aina hii zilipaa kutoka sitaha ya Hornet, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, zote salama, ingawa hazikuundwa kwa ajili ya meli. Mwaka 1944 moja iligharimu takriban dola 142,000, wakati B-26 ilikuwa dola 192,000 hivi. Waholanzi wa Indonesia waliagiza 162 tangu 1941, na hawakukosea.

Faida yake kubwa ni kwamba inakubali kubadilishwa na mafundi walio vitani. Mtu wa kulenga mabomu akiondolewa puani, mahali pake panawekwa bunduki za rashasha, nyingine zikifungwa ubavuni, hadi nane zinazopiga mbele kwa pamoja. Ndivyo zilivyokwenda Bahari ya Bismarck Machi 1943: zikaruka chini karibu na maji, zikanyamazisha mizinga ya meli kwa risasi, kisha zikaachia mabomu yarukeruke juu ya maji mpaka ubavuni mwa meli.

Ukipewa aina ya C au D, angalia kibanda cha bunduki cha tumboni. Mpigaji hupiga magoti na kuchungulia kwa darubini yenye vioo vya kuakisi. Picha inamzunguka hadi anapata kichefuchefu, na matope ya uwanjani hupaka kioo cha nje. Vikosi vingi vilikiondoa. Kiondoe nawe, uzito wake ujaze petroli. Kelele za injini hazina dawa, na masikio ya wahudumu huumia.

2. B-26 Marauder

Nayo ni ya Marekani, ndege bora kwa mwenye viwanja virefu na subira ya kufundisha. Mabawa ya kwanza yalikuwa mafupi, mita 19.8 tu kutoka ncha hadi ncha, hivyo ilibidi ije kutua kwa kilomita 240 hivi kwa saa. Rubani mpya akiogopa kasi hiyo na kupunguza, ndege inaacha kuelea.

Ajali nyingi za mwanzo, hata hivyo, zilianzia kwenye betri. Pangaboi lake hubadilisha pembe kwa mota ya umeme. Mafundi walipokuwa wakijaribu mitambo ardhini kwa betri ya ndege yenyewe, chaji iliisha. Wakati wa kupaa mota ikakosa nguvu, pangaboi likalala pembe ndogo, likazunguka kupita kiasi, na injini ikaacha kuvuta. Dawa yake ni toroli la umeme la nje kila ndege inaposimama, na betri ipimwe kabla ya kupaa. Chagua zenye mabawa ya mita 21.6. Mafunzo yaliponyooshwa, B-26 za Ulaya mwaka 1944 zilikuwa zikipotea chini ya moja katika kila safari mia.

3. Ju 88

Hii ni ya Ujerumani; Finland ilinunua 24 mwaka 1943. Ina kasi na inafaa kazi nyingi, hata uwindaji wa usiku. Lakini watu wote wanne wamebanana mbele, na risasi moja ya mzinga ikipiga hapo inaweza kuwamaliza wote. Sharti kwamba iweze kushuka wima kama mbizi ili kudondosha mabomu liliiongezea uzito.

4. Wellington

Hii ya Uingereza ni ya usiku tu. Tarehe 18 Desemba 1939, ndege 22 ziliingia mchana eneo la Heligoland, kisiwa cha Ujerumani, na 12 hazikurudi. Kiunzi chake cha vipande vya alumini vilivyosukwa kama tenga hustahimili matobo makubwa. Fundi hukata kipande kilichoharibika na kupigilia kingine kwa ribiti. Ngozi yake ni kitambaa, na moto ukishika hula haraka.

5. G4M

Usiinunue, hata masafa yake yakikuvutia. Jeshi la majini la Japani lilidai umbali wa kupita kiasi kwa injini mbili tu, basi kinga ikaachwa na petroli ikajazwa mabawani wazi. Risasi chache zinatosha kuiwasha. Admirali Yamamoto, mkuu wa meli za kivita za Japani, alikufa ndani ya mojawapo tarehe 18 Aprili 1943. Baadaye ilitoka aina ya tatu yenye matangi yaliyolindwa, masafa yakapungua, na zikatengenezwa kama 60 tu.